Ngazi, Paa, Nguzo, Paa

Ukitaka kumjua Khaemba wa Myanga, mtafute shambani asubuhi. Utamsikia kabla hujamwona. Anawapigia kelele maksai wake wawili, Jenerali na Karani, na wao wanavuta plau taratibu kana kwamba hakuna aliyesema neno. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Upande ule wote wa Bungoma hapakuwa na mtu aliyelima mstari ulionyooka kumshinda Khaemba.

Ng'ombe wake aliwatambua kwa nyayo tu. Mvua aliijua ikiwa bado iko huko Mlima Elgon. Lakini ukimwonyesha herufi moja ya kusoma, mzee huyu anakaa kimya kama maji mtungini. Kusoma kulikuwa kumemshinda, na kwa sababu hiyo harusi ilikuwa imekwama.

Harusi ya nani? Yake mwenyewe. Msicheke, ngojeni kwanza.

Khaemba na mkewe Nekesa waliishi pamoja miaka mingi. Mahari ilitolewa zamani, watoto wakazaliwa, na binti yao wa kwanza, Nakhungu, alikuwa ameshaolewa, anaishi kwa mumewe. Kwa ajili ya binti huyo, Khaemba alimwita mkewe Mama Nakhungu, naye aliitwa Baba Nakhungu. Ndiyo heshima ya watu wazima. Lakini kanisani walikuwa hawajafunga ndoa, na Nekesa aliitaka ndoa hiyo kwa moyo wake wote. Rafiki zake walikuwa wameshafunga zao. Kila mara yeye alikwenda kuwaimbia, kisha akarudi nyumbani kupika.

Kanisa lao lilikuwa na sheria. Mume na mke wanaotaka kufunga ndoa, kila mmoja asome mbele ya watu. Mwaka uliopita Nekesa alisimama akasoma bila kukwama. Baada yake akasimama Khaemba. Yeye alikuwa amekariri fungu moja kwa kumsikiliza jirani akilisoma. Mzee wa kanisa, aliyeitwa Bramwel, akamfungulia ukurasa mwingine kabisa. Khaemba hakujali. Aliutazama ukurasa ule, akapaza sauti, akalimwaga fungu lake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alilisema vizuri ajabu. Hata kikohozi cha yule jirani alikitia mahali pake.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee Bramwel alimwambia arudi mwaka ujao.

Nyumbani Nekesa hakugomba. Angegomba, ingekuwa afadhali. Alitoa nguo yake ya harusi sandukuni, akaikung'uta, akaianika juani.

"Baba Nakhungu," alisema, "mwaka huu ukishindwa, mimi sitakuomba tena. Hii nguo nitaikata nimshonee mjukuu."

Khaemba alijifanya anaangalia kwato za Karani. Moyoni aliumia sana. Mwanamke huyu alikuwa amemvumilia katika ukame na katika nzige, na hakuwahi kumwomba kitu kikubwa isipokuwa hiki kimoja.

Basi akapiga moyo konde, akajiandikisha katika darasa la watu wazima.

Darasa lilikuwa ndani ya kanisa, saa za alasiri. Mwalimu alikuwa msichana wa Endebess aitwaye Jerono. Umri wake ulikuwa kama wa Nakhungu, na hilo nalo lilimtesa Khaemba kidogo. Jerono aliandika herufi ubaoni, wanafunzi wakazitaja kwa sauti moja. Khaemba aliimba pamoja nao. Herufi zikifutwa, naye amesahau. Zikiandikwa tena, anaziona ni ngeni.

"Mwalimu," alisema siku moja, "hivi vitu vyako havina sura. Ng'ombe ana sura. Jembe iko na sura. Hizi ni kama kunguni umeponda kwa ukuta."

Jerono hakukasirika. Alimuuliza ni vitu gani basi anavyovijua sura. Khaemba akaanza kuvitaja vya bomani kwake, na hakuacha mpaka wenzake wakaanza kupiga miayo.

Kesho yake Jerono alikuja bomani. Alizunguka huku na huku akiwa ameinamisha kichwa upande. Alichutama mbele ya nyumba, akatazama paa. Alisimama karibu na ghala, akatazama ngazi. Nekesa alidhani mwalimu anaumwa na shingo, akamletea kiti.

"Mama," Jerono akauliza, "ngazi yenu ina kidato kimoja tu?"

"Vingine vililiwa na mchwa," akajibu Nekesa. "Mwenye nyumba alisema atatengeneza. Ni mwaka wa ngapi huu sijui."

Jerono akafurahi sana, jambo ambalo lilimshangaza Nekesa. Miti miwili imesimama, katikati kidato kimoja. Hiyo ilikuwa herufi H, imeegeshwa kwenye ghala la mahindi.

Mwisho wa juma Jerono alipanda lori la mahindi hadi Kitale. Huko alikuwa akimjua mpiga picha mmoja, Bwana Bashir, aliyekuwa na chumba chake karibu na msikiti. Bashir alizoea kuwapiga watu picha wakiwa wameshika maua ya karatasi. Jerono alimweleza kwamba anataka picha za vitu vya nyumbani vinavyofanana na herufi. Bashir alifikiri kidogo, akasema kazi hiyo ataipenda, maana ngazi haipepesi macho.

Habari zilifika Myanga kabla yake. Mpiga picha anakuja kwa Khaemba! Khaemba alivaa koti, akavaa kofia, akavaa viatu. Jenerali na Karani aliwaogesha kwa sabuni, nao hawakupenda.

Bashir aliposhuka kwenye lori, alisalimia vizuri, akanywa maji, akasimamisha kamera yake ya miguu mitatu. Akaielekeza kwenye ngazi. Khaemba akaenda akasimama mbele ya ngazi, kifua nje.

"Mzee wangu, sogea kidogo," alisema Bashir.

Khaemba akasogea. Alipanda kile kidato kimoja.

"Toka kabisa, mzee. Nataka ngazi."

"Ati ngazi peke yake?" Khaemba alishangaa kweli kweli. "Umetoka Kitale na lori, kuja kupiga picha ya ngazi? Na mwenyewe niko hapa?"

Tusimlaumu. Kwa watu wa huko, kitu huonekana pamoja na mwenyewe. Ng'ombe akipita njiani peke yake, watu huuliza amepotea kwa nani. Khaemba aliona kwamba ngazi yake ikienda Kitale bila yeye, watu wa mjini watasema imeokotwa. Jerono alimbembeleza, naye akakubali, lakini kwa mdomo tu. Bashir alipokuwa tayari, mkono wa Khaemba ukatokea pembeni ukashika ngazi. Wakahamia kwenye paa la nyumba. Hapo kofia ikachungulia.

Bashir akaifunika kamera. Alisema filamu haichumwi mtini, na kama mambo ni hayo yeye ataomba lori la kurudi.

Jerono ndiye aliyepata njia. Alimwomba Bashir ampige Khaemba picha yake kwanza, akiwa na maksai wake, akiwa na koti, akiwa na kila kitu. Khaemba akapigwa. Baada ya hapo roho yake ilitulia, akaenda kukaa kivulini, na vitu vikapigwa picha kwa amani. Paa la nyumba, ukilitazama kwa mbele pamoja na ule mti unaokatiza katikati, lilikuwa A. Nguzo ya banda na boriti juu yake ilikuwa T. Mdomo wa nyungu ulikuwa O. Panda ya mti ilikuwa V.

Kisha Jerono akaomba upawa wa Nekesa wa kuchotea mchuzi. Upawa ule una mpini mrefu na tumbo kubwa. Bashir aliupiga picha mpini ukiwa juu na tumbo chini, limeelekea kulia. Akaugeuza tumbo lielekee kushoto, akapiga tena. Halafu akausimamisha kichwa chini, tumbo likiwa juu, akapiga mara ya tatu.

"Upawa mara tatu, na mimi mara moja," Khaemba alinung'unika kule kivulini.

Picha zilipooshwa, Jerono alizibandika kwenye vipande vya katoni. Juu ya kila picha akapitisha wino mweusi kuifuata herufi. Akazileta darasani. Loo, siku hiyo darasa lilichangamka! Khaemba alizitambua zote kabla ya mtu yeyote. Hii ngazi yangu, hili paa langu, hii nyungu ya Mama Nakhungu. Alitembea Myanga nzima akisema sasa kusoma kumeisha. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku iliyofuata Jerono aliandika ubaoni neno HATA, akamwita asome.

Khaemba alisimama, akakohoa, akasoma kwa sauti ya kujiamini.

"Ngazi, paa, nguzo, paa."

Wenzake wakamgeukia mwalimu.

"Maana yake ni nini, mzee?" Jerono aliuliza.

"Huyu mtu anajenga," alisema Khaemba. "Lakini ameweka paa mara mbili. Fundi wake ni mbaya."

Hata Jerono alicheka, akajifuta machozi. Kisha akaeleza polepole. Picha ni ya kukusaidia kukumbuka tu. Ukiiona ngazi, usiseme ngazi. Tazama ule wino juu yake, useme sauti yake. Ngazi inasema h. Paa linasema a. Nguzo inasema t. Sauti zikifuatana, zinatoa neno. Khaemba alijaribu. H na a, ha. T na a, ta. Alirudia mpaka zikashikana mdomoni mwake. Kisha Jerono akaweka picha kando, akaacha herufi peke yake ubaoni. Khaemba akazisoma bila picha. Alisema hata, akaketi, akabaki akiutazama ubao kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

Tangu hapo alikwenda mbio. Tatizo lilibaki moja, nalo ni upawa.

Ule upawa katika picha tatu ulikuwa herufi tatu. Tumbo chini kulia ni b. Tumbo chini kushoto ni d. Tumbo juu kulia ni p. Khaemba alikataa katakata. Ukiandika debe, yeye anasoma bebe. Ukiandika pembe, anasoma bembe. Jerono akimrekebisha, anamtazama kwa huruma.

"Mwalimu, upawa ni upawa," alisema. "Ukiulaza ni upawa. Ukiusimamisha ni upawa. Jembe yangu nikiigeuza, inakuwa shoka?"

Na kweli, mambo ya duniani ndivyo yalivyo. Kuku akiangalia huku au kule ni kuku yule yule. Mtu mzima ambaye miaka yote ameishi na vitu, si na maandishi, ana haki ya kushangaa. Jerono alieleza mara nyingi, na siku ya kusoma kanisani ilikuwa inakaribia. Khaemba alianza kukosa usingizi. Chakula alikisukuma kando. Aliona kwamba atashindwa kwa sababu ya kijiko cha mchuzi.

Asubuhi moja alikwenda shambani na Nekesa, na kichwa chake kilikuwa mbali. Aliwafunga maksai nirani bila kutazama. Karani akaingia kushoto, Jenerali akaingia kulia. Khaemba akapiga kelele waende. Karani akavuta huku, Jenerali akavuta kule, plau ikaruka nje ya mtaro ikachimba shimo la kuzika mbwa. Khaemba akatukana ng'ombe, akatukana plau, akatukana na udongo.

Nekesa alikuja akashika nira.

"Baba Nakhungu, umewabadilisha. Karani si ni wa kulia, ndani ya mtaro? Jenerali si ni wa kushoto, juu ya nyasi?"

"Najua," alisema Khaemba kwa hasira. "Mtu hawezi kubadilisha upande wa ng'ombe. Kazi yote inaharibika."

"Lakini si ni ng'ombe wale wale?"

"Ni wale wale, lakini upande..."

Khaemba akaachia plau. Nekesa akamwacha afike mwenyewe. Khaemba alichutama, akachora udongoni kwa kidole. Mti, na tumbo kulia. Mti, na tumbo kushoto.

"Huyu wa kulia ni Karani," alisema Khaemba polepole. "Anasema b. Huyu wa kushoto ni Jenerali. Anasema d." Akafikiri tena. "Na p?"

"P ni Karani amepanda juu ya kichuguu," alisema Nekesa.

Khaemba akaichora na p. Kisha akawafungua maksai, akawafunga upya, kila mmoja upande wake. Siku ile walilima hadi saa sita, na kila walipogeuza plau Khaemba alikuwa akiimba b na d. Jioni alikula sahani mbili. Jerono alipoambiwa, aliliona jambo lenyewe mara moja, na kuanzia siku hiyo aliwafundisha wakulima wote hivyo. Kitu cha nyumbani ukikigeuza hakibadiliki. Herufi ina upande wake wa kufungwa.

Siku ya kusoma ikafika. Kanisa lilijaa, maana watu walitaka kusikia tena kile kikohozi. Kaka zake Nekesa walikuja kutoka Cheptais, wakakaa benchi la mbele. Jerono alikaa karibu na dirisha. Nekesa alikaa upande wa wanawake, mikono yake ameikunja mapajani, haangalii mtu.

Mzee Bramwel hakuleta kitabu. Alisema mwaka huu hakuna ukurasa, kwa sababu wako watu wanaosoma kwa masikio. Alichukua chaki, akawapa watu kisogo, akaandika ubaoni taratibu. Kisha akasogea kando, akamwita Khaemba.

Khaemba alisimama mbele ya ubao. Neno la kwanza alilijua, lilikuwa jina lake, akalisoma. La pili lilianza na mti wenye tumbo.

"Karani," alinong'ona.

Watu wakatazamana. Karani gani tena?

"Ba," akasema Khaemba. "Baa. Kushoto, Jenerali. Da. Baada." Jasho lilimtoka. Alikwenda hivyo hivyo, neno kwa neno, akikanyaga polepole, akiwaita ng'ombe wake kila alipofika penye tumbo, na hakuna mtu aliyecheka tena. Alipomaliza alirudi mwanzo, akasoma yote kwa mkupuo, kwa ile sauti yake ya shambani:

"Khaemba, baada ya miaka hii yote, bado unampenda Nekesa?"

Akawageukia watu, akatabasamu. Amemaliza! B zote zimekaa, d zote zimekaa, hata p imekaa. Alingoja vigelegele. Hakuna aliyepiga. Kanisa zima lilikuwa limenyamaza, linamtazama, na yeye hakujua kwa nini.

Nekesa ndiye aliyesema, pale pale alipokaa.

"Umesoma vizuri, Baba Nakhungu. Sasa jibu."

Khaemba akageuka tena kwenye ubao. Safari hii hakutafuta kulia wala kushoto. Alisoma kimya, midomo ikicheza, na kwa mara ya kwanza maisha yake yote maandishi yakamwambia kitu. Yalikuwa yanamuuliza. Uso wake ulimwaka. Katika pande zile mwanamume hamwambii mke wake maneno kama hayo hata wakiwa wawili tu, sembuse mbele ya shemeji zake. Jerono aliziba mdomo kwa mkono. Kaka za Nekesa walitazama paa.

"Ndiyo," alisema Khaemba kwa sauti ndogo.

Mzee Bramwel alitingisha kichwa. Alisema swali limeandikwa kwa maneno kamili, basi na jibu liwe kamili.

Khaemba alishika kofia yake kwa mikono miwili. Alimtafuta mkewe katikati ya wanawake mpaka akampata.

"Nampenda Nekesa," alisema. "Tangu zamani nampenda. Nilikuwa sijaulizwa tu."

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa. Nekesa alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, na wenzake hawakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

Tangu siku ile Jerono aliongeza jambo moja katika darasa lake. Mwanafunzi akimaliza kusoma mstari, haruhusiwi kuketi. Lazima kwanza aseme ameambiwa nini, au ameulizwa nini. Kutaja herufi ni nusu ya njia, aliwaambia, na asiyeelewa alichosoma bado hajafika.

Wiki chache baadaye Nekesa aliivaa nguo yake. Panya hawakuwa wameigusa, na mjukuu alishonewa nyingine. Kanisani Mzee Bramwel aliuliza lile swali tena, safari hii kwa mdomo, na Khaemba alijibu kabla mzee hajamaliza kuuliza.